Königsberg Haikuzama Mara Mbili: Jinsi Manowari Zinavyorithi Majina

Manowari Königsberg ilizama wapi? Ukiuliza Rufiji utaambiwa ilizama palepale kwenye delta, Julai 1915, baada ya kupigwa mizinga na Waingereza. Ukifungua historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia utaikuta Königsberg ya Wajerumani ikizamishwa bandarini Bergen, Norwei, Aprili 1940. Majibu yote mawili ni sahihi, na mkanganyiko unaanzia hapo. Kila habari hii inapojadiliwa mitandaoni hakosekani wa kusema kwamba Wajerumani waliiopoa kwa siri wakaikarabati, na hakosekani wa kumjibu kwamba basi ile ya Rufiji ni hadithi ya kutunga. Wote wawili wamekosea.

Zilikuwa manowari mbili tofauti. Kwa kweli zilikuwa tatu, maana katikati ilikuwepo nyingine isiyojulikana sana. Zote zilipewa jina la mji mmoja wa Prussia Mashariki, wakati huo jimbo la Ujerumani, moja baada ya nyingine, kama sisi tunavyompa mtoto jina la babu yake. Mzee Juma akifariki na mjukuu akaitwa Juma, hakuna kijijini anayedhani marehemu amefufuka. Watu wanajua huyu ni somo wa yule. Kwa binadamu jambo hili halitusumbui kwa sababu tunawafahamu wote wawili kwa sura. Kwa manowari tunasoma jina tu kwenye maandishi, sura hatuioni, ndiyo maana tunapotea.

Tuelewane kwanza kuhusu vitu vinne vinavyoandikwa pamoja na kuchanganywa kila siku. Kuna jina lenyewe, mfano Königsberg au Hornet. Kuna herufi zinazotangulia jina, ambazo zinaeleza meli ni ya nani: HMS ni ya mfalme au malkia wa Uingereza, USS ni ya Marekani, KNS ni ya Kenya, na SMS ilikuwa ya Kaisari wa Ujerumani. Kuna namba ya meli, ambayo mara nyingi hupakwa rangi kubwa ubavuni. Halafu kuna kundi, yaani meli kadhaa zilizojengwa kwa ramani moja, na kwa kawaida kundi huitwa kwa jina la meli ya kwanza kati yao.

Hilo la kundi ndilo linalowapotosha wasomaji wengi wa habari za siku hizi. Marekani ilijenga manowari kumi za kubebea ndege za kundi la Nimitz. Abraham Lincoln ni mojawapo. Kwa hiyo habari ikisema manowari ya kundi la Nimitz imeingia Bahari ya Hindi, si lazima iwe Nimitz yenyewe, na mara nyingi siyo.

Sasa turudi kwenye Königsberg zetu tatu, kwa sababu ukizielewa hizo, zilizobaki ni rahisi.

Ya kwanza ilishushwa majini Desemba 1905 na kuanza kazi mwaka 1907. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, wiki chache kabla ya vita, na watu wa pwani wakaipachika jina lao: manowari na bomba tatu. Ilikuwa na dohani tatu za moshi zilizosimama kwa mstari, na hiyo ilitosha. Nalipenda sana jina hilo. Mtu aliyesimama ufukweni hakuwa na haja ya kusoma Kijerumani kilichoandikwa kwenye tezi. Alihesabu mabomba akajua ni ipi. Wataalamu wa historia ya meli nao hufanya hivyohivyo leo wanapopewa picha ya zamani isiyo na maelezo: wanahesabu dohani, wanaangalia milingoti na mpangilio wa mizinga, na jina linakuja mwisho.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliivamia HMS Pegasus ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo ya mitambo, ikaizamisha. Baadhi ya wanamaji waliokufa siku ile wamezikwa kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Kisha Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, ambako meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kifupi. Ikabidi waletwe Severn na Mersey, manowari fupi zenye kina kidogo zilizoweza kupanda mtoni, na tarehe 11 Julai 1915 kazi ikaisha. Wajerumani walivua mizinga yake kumi wakaenda kuitumia nchi kavu. Mmoja unaweza kuuona hadi leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Meli yenyewe haikuondoka Rufiji. Tope la mto liliimeza kidogokidogo, na vyuma vilivyokuwa juu vikakatwa na wafanyabiashara wa chuma chakavu.

Ya pili ilishushwa majini Desemba mwaka huohuo wa 1915, miezi mitano baada ya ile ya Rufiji kuzama, ikaanza kazi mwaka 1916. Ndiyo iliyombeba Admirali Meurer wa Ujerumani mwezi Novemba 1918 kwenda kupokea masharti ya Waingereza kuhusu kukabidhi meli za Ujerumani. Baada ya vita ilichukuliwa na Ufaransa, na Wafaransa wakaiita Metz. Ilivunjwa katika miaka ya 1930.

Ya tatu ilishushwa majini mwaka 1927. Hii ilikuwa na dohani mbili, si tatu. Ndiyo iliyoshambuliwa Bergen tarehe 10 Aprili 1940 na ndege za wanamaji wa Uingereza zilizokuwa zikishuka kwa kasi wima na kuachia mabomu. Inakumbukwa kama manowari kubwa ya kwanza kuzamishwa vitani kwa njia hiyo.

Angalia sasa jinsi vile vitu vinne vinavyotusaidia. Herufi SMS ziliachwa baada ya Kaisari kuondoka mwaka 1918. Kwa hiyo ukikuta pameandikwa SMS Königsberg, ile ya Bergen imeshaondoka kwenye hesabu. Ni ya kwanza au ya pili. Kundi, kwa upande wake, halisaidii kitu hapa, maana meli zote tatu zilikuwa za kwanza katika makundi yao, hivyo kuna makundi matatu tofauti na kila moja linaitwa kundi la Königsberg! Ndiyo maana waandishi makini huweka mwaka kwenye mabano baada ya jina: Königsberg (1905), Königsberg (1915), Königsberg (1927). Mwaka huo kwa kawaida ni wa kushushwa majini, si wa kuanza kazi. Ukikuta kitabu kimoja kinasema 1905 na kingine 1907, usidhani ni meli mbili.

Swali linalofuata ni kwa nini jeshi lijitafutie usumbufu wote huu. Majina yameisha duniani?

Hayajaisha. Jina la manowari linabeba heshima, na jeshi la wanamaji halitaki heshima hiyo izame na chuma. Katika jeshi la Uingereza jambo hili ni utaratibu rasmi: sifa za vita hufuata jina. Manowari Ark Royal ya kwanza ilijengwa mwaka 1587 na mwaka uliofuata ikawa meli ya amiri mkuu katika vita dhidi ya kundi kubwa la meli za Hispania. Ark Royal ya tano, iliyokuwa ikibeba ndege na kustaafishwa mwaka 2011, ilikuwa na haki ya kuorodhesha vita vile vya 1588 miongoni mwa sifa zake, ingawa meli iliyopigana ilikuwa ya mbao na matanga. Kijana anayepangiwa kazi kwenye meli ya namna hiyo anaambiwa tangu siku ya kwanza kwamba anaingia kwenye ukoo, na anatakiwa asiuaibishe.

Marekani ilionyesha jambo hilo kwa haraka kuliko wote. Mwaka 1942 ilipoteza manowari nne kubwa za kubebea ndege katika Bahari ya Pasifiki: Lexington mwezi Mei, Yorktown mwezi Juni, Wasp mwezi Septemba na Hornet mwezi Oktoba. Wakati huo viwandani kulikuwa na manowari nyingine zikijengwa, tayari zikiwa na majina yao. Wafanyakazi wa kiwanda cha Quincy, Massachusetts, ndio waliokuwa wameijenga Lexington iliyozama, na mikononi mwao walikuwa na meli mpya iliyopangiwa jina la Cabot. Waliandika ombi kwa waziri wa jeshi la wanamaji ili meli ile iitwe Lexington. Wakakubaliwa mwezi uleule wa Juni 1942. Nyingine tatu nazo zikafuata, kila moja ikaacha jina ililopangiwa na kuchukua la iliyozama. Ndani ya miaka michache Wajapani walikuwa wanapambana na Lexington, Yorktown, Wasp na Hornet ambazo walikuwa wameshazizamisha. Lexington mpya ilipata umaarufu wa pekee kwa sababu redio ya Japani ilitangaza kuizamisha zaidi ya mara moja, nayo ikaendelea kuonekana baharini.

Hapa ndipo lilipoanzia lile swali lililozuka Februari 2019, ilipotangazwa kwamba mabaki ya Hornet yameonekana karibu na Visiwa vya Solomon, kwenye kina cha zaidi ya mita 5,000. Watu waliuliza: Hornet si ndiyo iliyowapokea wanaanga wa Apollo 11 walipotua baharini Julai 1969 wakitoka mwezini? Na si iko Alameda, California, ambako watalii wanalipa kiingilio wanapanda? Ndiyo, kwa maswali yote mawili. Iliyopokea wanaanga na iliyoko Alameda ni namba CV-12, iliyoanza kazi Novemba 1943. Iliyoko chini ya bahari ni CV-8, ile iliyorusha ndege za kushambulia Tokyo Aprili 1942. Kwa Wamarekani namba haidanganyi. Sheria yao pia hairuhusu meli mbili za jeshi la wanamaji kuwa na jina moja kwa wakati mmoja, hivyo mrithi husubiri jina liachwe wazi.

Na wakati mwingine haisubiriwi hata meli ife. Inanyang'anywa jina ikiwa hai. Hili lilimpata mmoja wa ukoo wa Ark Royal, na linatuhusu sisi wa pwani kwa njia isiyotarajiwa. Waingereza walipokuwa wakiandaa Ark Royal mpya kabisa ya kubebea ndege katika miaka ya 1930, ile ya mwaka 1914 ilikuwa bado inafanya kazi. Mwaka 1934 wakaibadilisha jina. Wakaiita Pegasus. Yaani jina la manowari iliyozama Zanzibar miaka ishirini kabla, ambalo katikati lilikuwa limepitia pia kwenye meli nyingine. Kwa hiyo mtu anayeitafuta Pegasus ya Zanzibar anaweza kuangukia picha ya Pegasus inayorusha ndege kwa mtambo katika Vita Kuu ya Pili, akaibandika kwenye habari ya 1914. Pegasus yetu haikuwahi kurusha ndege. Ilishushwa majini mwaka 1897, kabla binadamu hajaruka na ndege ya injini.

Kosa linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni la Glasgow. Katika maelezo mengi ya vita vya Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, vile vilivyomalizika chini ya saa moja, utasoma kwamba ilizama HMS Glasgow. Hapana. Iliyozama ilikuwa Glasgow ya Sultani wa Zanzibar, na herufi zake zilikuwa HHS, za Mtukufu Sultani. Historia yake ni hii. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliziharibu meli za Sultani Barghash. Mwaka 1873 manowari ya Kiingereza HMS Glasgow ilitembelea Zanzibar, Sultani akaiona ikampendeza, akaagiza yake ya namna hiyo kutoka kiwanda cha Denny huko Dumbarton, Uskochi. Ikakamilika mwaka 1878, nayo ikaitwa Glasgow. Ilipofika mwaka 1896 ile ya Kiingereza ilikuwa imeshauzwa ivunjwe tangu 1884, na Waingereza hawakuzindua Glasgow nyingine hadi 1909. Siku ya vita, basi, jeshi la Uingereza halikuwa na meli yoyote yenye jina hilo. Glasgow pekee iliyokuwepo ilikuwa upande wa Seyyid Khalid, aliyekuwa amejitangaza sultani, ikiwafyatulia Waingereza mizinga midogo hadi ilipozama. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Uingereza kuonyesha kwamba wamesalimu amri, wakaokolewa kwa mashua. Milingoti yake iliendelea kuchomoza juu ya maji bandarini kwa miaka mingi, hadi mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Mabadiliko ya herufi moja tu, H kuwa M, yanatosha kumgeuza mtetezi wa Zanzibar kuwa mshambuliaji. Anayeandika historia ya mahali petu asilipuuze hilo.

Wengine huniambia kwamba kutumia jina la meli iliyozama ni kujitafutia mkosi. Wapo mabaharia wenye imani hiyo, lakini majeshi hayaifuati. Mfano mzuri ni hapahapa Bahari ya Hindi. Desemba 1971 nyambizi ya Pakistan iitwayo Hangor iliizamisha manowari Khukri ya India, na watu karibu mia mbili wakafa. India haikulizika jina. Mwaka 1989 ikaingiza kazini Khukri mpya. Pakistan nayo imeliita kundi zima la nyambizi mpya kwa jina la Hangor. Uingereza ilipoteza Prince of Wales tarehe 10 Desemba 1941 karibu na Malaya, na ilipofika kuizindua rasmi Prince of Wales ya sasa ilichagua tarehe ileile, 10 Desemba, mwaka 2019. Hawaogopi, wanakusudia kukumbuka.

Majina yanayokufa hufa kwa sababu nyingine, na mara nyingi ni siasa. Königsberg ni mfano. Baada ya vita mji huo ulichukuliwa na Wasovieti, na mwaka 1946 ukaitwa Kaliningrad. Ujerumani ya leo haiwezi kuipa manowari jina la mji ambao sasa ni wa Urusi bila kuzua mgogoro, kwa hiyo ukoo wa Königsberg umekatika. Emden, manowari nyingine ya Kaisari iliyosumbua meli za Waingereza katika bahari hiihii mwaka 1914, ilikuwa na bahati tofauti. Mji wa Emden ulibaki Ujerumani, na jina likarudi baharini mwaka 1961 na tena mwaka 1983.

Kenya nayo imerithisha. KNS Harambee ya kwanza ilikuwa boti ya doria iliyotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1970. Mwaka 2011 Ufaransa iliipa Kenya boti yake La Rieuse, nayo ikapewa jina la Harambee II. Ile II inasaidia sana, na natamani majeshi mengine yangeiga. India ilifanya kinyume chake: Vikrant mpya iliyoingia kazini Septemba 2022 ilipewa jina la ile ya mwaka 1961 na namba ileile ya ubavuni, R11. Hapo namba haikusaidii tena, inabidi utazame umbo. Vikrant mpya ni kubwa zaidi ya mara mbili kwa uzito.

Na kwa wanaoshikilia kwamba meli inaweza kuopolewa ikapewa maisha mapya: inawezekana, na imetokea kwetu. Wajerumani waliijenga meli Graf von Götzen huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande, wakaileta Dar es Salaam na kuisafirisha hadi Kigoma. Ilianza kuelea Ziwa Tanganyika mwaka 1915, na kwa muda ilifungwa mmoja wa mizinga iliyovuliwa Königsberg. Mwaka 1916 mafundi waliipaka mitambo grisi wakaizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Hiyo ni meli moja yenye majina mawili. Ukisoma kwamba Götzen ilibeba askari wa Kijerumani na Liemba ikabeba abiria na dagaa kwa miaka mingi kati ya Kigoma na Mpulungu, usitafute meli ya pili, kwa sababu bodi ni ileile iliyoundwa Papenburg.